Vitabu Viwili kwa Msomaji Mmoja

Kumshauri mtu kitabu ni kutoa hukumu. Anayekitaja kimoja na kukiacha kingine huwa amekwisha kuamua, hata bila kukusudia, ni Kiswahili kipi kinachostahili kusomwa. Katika vyuo vya Kongo jambo hilo ni zito, kwa kuwa Kiswahili cha darasani sicho kinachosemwa sokoni na nyumbani.

Kitabu kinachopendekezwa kwanza aghalabu ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951. Ushauri huo ni wa haki. Nchi ile inayoelea angani, ambamo Karama anashitakiwa kwa kufundisha sheria, ni mfano bora wa utawala usiotaka kuambiwa. Karama hajitetei kwa kelele. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema ya nchi, nao waliporudi wakatiwa gerezani. Hivyo mshitakiwa anawahukumu wanaomhukumu.

Lakini msomaji akiishia hapo, atadhani kwamba Kiswahili chenye fikra hutoka pwani tu. Ndiyo maana hapana budi kumpa kitabu cha pili: Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya watumishi wa nyumbani wa zamani, mwaka mmoja kabla ya mji huo kuitwa Lubumbashi. Jina lake linapoteza: si kamusi, bali ni historia ya mji na ya Union Minière kama walivyoikumbuka wale waliowatumikia Wazungu majumbani mwao.

Kwa jicho la mwalimu wa sarufi, maandishi yale yana makosa mengi: maneno yameunganishwa na kukatwa pasipo kanuni, na Kifaransa kimechanganyika humo. Johannes Fabian, aliyeyachapisha mwaka 1990, ilimbidi kumtegemea Kalundi Mango ayasome kwa sauti, ndipo yakaandikwa upya. Hapo pana fundisho: kinachoonekana kosa machoni, sikio la Lubumbashi hulipokea bila taabu. Upungufu wa kweli umo katika toleo lenyewe, kwani tafsiri na ufafanuzi wake ni kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyelelewa katika Kifaransa hupewa matini ya mji wake, lakini maelezo yake humpita.

Basi, ushauri ulio bora ni kuvisoma vyote viwili, na hiki cha pili kisomwe kwa sauti, mbele ya wazee ikiwezekana. Karama alipata nafasi ya kusema mbele ya baraza. Watumishi wa Elisabethville hawakuitwa barazani. Walijiandikia wenyewe, kwa Kiswahili walichokuwa nacho. Aliyesoma kimoja tu amesikia nusu ya shauri.