Jinsi PROMIS ilivyoipima MRI, na maana yake kwa Meru na Embu

Saratani ya tezi dume ndiyo inayowapata wanaume wengi zaidi nchini Kenya. Kwa miongo mingi uchunguzi wake ulifuata njia moja. Damu ilipimwa kiwango cha PSA (protini inayotengenezwa na tezi dume), daktari akaipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, na dalili ya hatari ilipoonekana, mgonjwa alichukuliwa biopsi. Sindano ilipitishwa kwenye ukuta wa rektamu, ikiongozwa na ultrasaundi, ikatoa vipande 10 hadi 12 vya nyama vya kupelekwa maabara.

Udhaifu wa njia hii uko kwenye ultrasaundi yenyewe. Inaonyesha vizuri mipaka ya tezi, lakini mara nyingi uvimbe wa saratani ulio ndani hauonekani. Daktari hulenga tezi bila kujua saratani imejificha wapi. Ni kama mnunuzi wa maharagwe anayelidunga gunia kwa bambo mara kumi na mbili: kinachotoka ni kweli, lakini hakisemi lolote kuhusu sehemu ambazo bambo halikufika. Hivyo saratani kali iliweza kupitwa, na vijiuvimbe vidogo visivyo na madhara vikapatikana kwa bahati na kumwingiza mwenye navyo katika matibabu asiyoyahitaji.

Kipimo cha MRI kinafanya kazi kwa namna nyingine. Sumaku yenye nguvu hupanga protoni za haidrojeni zilizomo katika maji ya mwili, mawimbi ya redio huzisukuma, nazo zikirudi mahali pake hutoa mawimbi ambayo kompyuta huyageuza kuwa picha. Hakuna miale ya eksirei. Kwa tezi dume hupigwa aina tatu za picha. Ya kwanza huonyesha umbile la tezi: eneo la nje lenye afya hung'aa, na saratani huonekana kama doa jeusi. Ya pili hupima jinsi maji yanavyosambaa, kwa kuwa katika uvimbe seli husongamana na kuyabana. Ya tatu hupigwa baada ya kuchomwa dawa yenye gadolini, ambayo huingia katika uvimbe na kutoka haraka kuliko katika nyama ya kawaida.

Picha hizo zilikuwapo kabla ya mtu yeyote kujua kwa uhakika zinaaminika kiasi gani. Tafiti nyingi za awali zililinganisha MRI na tezi zilizokwisha kutolewa kwa upasuaji, yaani za wanaume ambao tayari walijulikana kuwa na saratani. Nyingine ziliilinganisha na biopsi ileile ya ultrasaundi iliyokuwa na kasoro. Kipimo kipya hakiwezi kupatiwa alama za haki kikisahihishwa kwa kipimo kibovu.

Utafiti wa PROMIS, ulioongozwa na Hashim Ahmed na Mark Emberton, waliokuwa University College London, uliundwa kuliondoa tatizo hilo. Kati ya 2012 na 2015, hospitali 11 za Uingereza ziliandikisha wanaume 740 ambao hawajawahi kufanyiwa biopsi na ambao PSA yao haikuzidi nanogramu 15 kwa mililita. Kila mmoja alikusudiwa kupita vipimo vyote vitatu: MRI, biopsi ya kawaida ya ultrasaundi, na biopsi ya ramani. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa hakimu. Mgonjwa akiwa katika nusukaputi, sindano zilipitishwa kwenye ngozi iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa, na tezi nzima ikachukuliwa vipande kila baada ya milimita 5. Majibu ya MRI yalifichwa, ili anayedunga sindano asivutwe na alichokiona kwenye picha.

Wanaume 576 walikamilisha vipimo vyote, na matokeo yakachapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2017. Biopsi ya ramani ilipata saratani ya kutia wasiwasi kwa wanaume 230, sawa na asilimia 40. Kati ya hao 230, MRI ilikuwa imewatilia shaka 213, yaani asilimia 93. Biopsi ya kawaida ilikuwa imewanasa 111 tu, asilimia 48. Zaidi ya nusu ya wenye saratani ya hatari wangerudi nyumbani bila kujulikana.

Upande wa pili wa hesabu una uzito uleule. MRI iliwatilia shaka wanaume 418, na 205 kati yao hawakuwa na saratani ya hatari. Kwa hiyo picha yenye doa haitoshi kumwambia mtu kwamba ana saratani. Inaonyesha tu mahali pa kudunga, na neno la mwisho hubaki kwa mwanapatholojia, anayechunguza vipande hivyo maabara. Wanaume 158 walipata picha safi. Kati yao, 17 walikuwa na saratani ya hatari, karibu mmoja katika kila tisa. Picha safi hupunguza hofu, lakini haifuti haja ya kufuatiliwa.

PROMIS ilionyesha uwezo wa kugundua. Utafiti wa PRECISION, uliochapishwa 2018 na kuongozwa na Veeru Kasivisvanathan, ulijibu swali la pili: je, kuanza na MRI hubadilisha kinachopatikana? Wanaume 500 katika nchi 11 waligawanywa kwa bahati nasibu. Walioanza na MRI walichukuliwa vipande pale tu picha ilipoonyesha shaka. Kwao saratani ya hatari ilipatikana kwa asilimia 38, dhidi ya 26 kwa waliofuata njia ya zamani. Saratani ndogo isiyo na madhara ilipungua kutoka asilimia 22 hadi 9.

Hatua iliyofuata ilihusu gharama. Utafiti wa PRIME, uliotoa matokeo 2025, uliwapima wanaume 490 na kuuliza kama ile picha ya tatu, yenye gadolini, inahitajika kweli. Picha mbili za kwanza pekee ziliongoza kwenye ugunduzi wa asilimia 29.2, na zote tatu asilimia 29.6. Tofauti hiyo ni ndogo mno. Kuiacha dawa hiyo kunafupisha muda wa mgonjwa ndani ya mashine na kuondoa gharama yake.

Kwa Meru na Embu, matokeo haya yasomwe pamoja na masharti yaliyoyazaa. PROMIS iliwapima wanaume wenye PSA isiyozidi 15. Mwanamume anayefika hospitali ya rufaa ya Meru au ya Embu akiwa na PSA ya mamia, tezi ngumu na maumivu ya mifupa hayumo katika takwimu hizo. Huyo anahitaji biopsi na matibabu bila kuchelewa; kumpanga foleni ya MRI ili kuthibitisha ugonjwa ni kumpotezea siku.

Sharti la pili ni wingi wa ugonjwa miongoni mwa wanaopimwa. Wanaume wenye asili ya Afrika wana hatari kubwa zaidi: nchini Uingereza, mwanamume mweusi mmoja kati ya wanne hugunduliwa kuwa na saratani hii maishani mwake, ilhali kwa wanaume wote ni mmoja kati ya wanane. Tuchukue wanaume 1,000 ambao 600 kati yao wana saratani ya hatari, na MRI yenye uwezo uleule wa PROMIS. Picha safi zitakuwa 206, na 42 kati yake zitakuwa zimeficha saratani: mmoja katika kila watano, badala ya mmoja katika kila tisa. Mashine haijabadilika, waliopimwa ndio waliobadilika.

Sharti la tatu ni msomaji wa picha. Doa jeusi linaweza kuwa saratani, uvimbe wa maambukizi au kovu la biopsi ya zamani. Ndiyo sababu madaktari wa radiolojia walikubaliana juu ya mizani ya PI-RADS, inayotoa alama 1 hadi 5. Sumaku bila mtaalamu aliyezoea kusoma tezi dume haiwezi kuleta asilimia 93.

Kwa hiyo faida ya MRI katika kaunti hizi inaanzia kwenye kipimo cha damu. PSA inahitaji damu kidogo tu, na inaweza kutolewa Maua, Nkubu, Runyenjes au Siakago na kupelekwa maabara. Mwanamume aliyevuka miaka 50, au ambaye baba au ndugu yake aliugua, azungumze na daktari kuhusu kipimo hicho akiwa bado mzima, kwa sababu wanaume wanaofika mapema ndio ambao tafiti hizi zimethibitisha kwamba MRI inawafaa.