Mwindo na Neno «Majaliwa»

Mwanafunzi anayetakiwa kuueleza utendi wa Mwindo kwa Kiswahili huandika, mara nyingi kabla hajaumaliza ukurasa wa kwanza, kwamba shujaa huyo alishinda kwa sababu ndivyo alivyojaliwa. Sentensi hiyo tumeisoma katika kazi nyingi mno. Shabaha ya makala haya ni kuipinga.

Yafaa tuanze na neno lenyewe. «Majaliwa» ni jina lililotokana na kitenzi «kujalia» katika kauli ya kutendwa. Anayejaliwa ndiye kiima cha sentensi, lakini hatendi lolote; mtenda hatajwi, na kila msemaji wa Kiswahili anajua kuwa ni Mungu. «Kudura» lina mwelekeo huohuo. Tena «ajali», ambalo kwa asili yake ya Kiarabu ni muda uliowekewa uhai wa mtu, leo latumika hata kwa lori lililopinduka barabarani. Maneno haya ni mazuri mahali pake. Lakini je, yanaweza kubebeshwa utendi wa Wanyanga bila kuupotosha?

Utendi tunaouzungumzia ni ule aliousimulia Candi Rureke mwaka 1956, ukachapishwa na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969. Shemwindo, mwami wa Tubondo, anawaamuru wake zake saba wazae wasichana tu. Mtoto wa kiume atauawa. Hapa msomaji aliyemzoea Oedipus tangu shuleni hutafuta mara moja mtabiri. Hayupo. Hakuna aliyemwonya Shemwindo kuwa mwanawe atamdhuru. Amri ni ya baba na ubaya wake ni wa baba. Anayeiita majaliwa anamwachilia mkosaji kabla shauri halijasikilizwa.

Mwindo naye, angali tumboni, anajichagulia njia ya kutokea: kidole cha kati cha mama yake. Anazaliwa akicheka, akisema na kutembea, usinga mkononi. Ni kweli kwamba usinga huo hakuutafuta, na hapo wanaotetea «majaliwa» wana hoja. Lakini baba anamrushia mikuki, anamzika hai, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Na kila anaponusurika, Mwindo hana budi kuamua aelekee wapi. Anaelekea kwa shangazi yake, Iyangura.

Kwa maoni yetu kiini cha suala ni safari ya kuzimu, ambako Mwindo anamfuatia baba yake aliyekimbia. Kabla ya kushuka anamwachia shangazi ncha ya kamba: ikitulia, ajue kwamba amekufa. Kama mwisho ungalikuwa umekwisha kuandikwa, kamba hiyo ingalikuwa ya nini? Huko chini anacheza kamari ya mbegu na mungu Sheburungu, anapoteza mali, watu wake, hata Iyangura mwenyewe, mpaka anapouweka rehani usinga na kuvirudisha vyote. Aliyepewa kipawa anakihatarisha. Sijui tukio lingine katika fasihi simulizi ya nchi yetu linaloweka bahati na ujasiri karibu hivyo.

Aidha, hasira iliyomwongoza toka majini hadi kuzimu haiishii katika kuua. Baba anarudishwa Tubondo, anakiri makosa yake mbele ya watu, na utawala unagawanywa. Baadaye Mwindo analiua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, mwenye radi. Anapandishwa mbinguni mwaka mzima na kuadhibiwa kwa baridi na jua kali, kisha anakatazwa kuua wanyama. Mshindi anafundishwa adabu, na kiburi cha mtoto aliyezaliwa akicheka kinavunjika. Wahakiki wengi huipita sehemu hii upesi, nadhani kwa kuwa haimpendezi anayetaka shujaa wa kudumu.

Jambo hili si la darasani tu. Walikale, nchi ya Wanyanga, imerudiwa na vita mara nyingi tangu mwaka 1993, na aliyechomewa nyumba huambiwa kwa upole kwamba ndiyo majaliwa yake. Pengine anafarijika. Lakini aliyewasha moto naye anasikia, na hana la kujibu.

Yule aliyetawaliwa kweli na nguvu iliyo juu yake hatumkuti ndani ya hadithi. Ni msimulizi. Rureke alisema kuwa Karisi, roho ambayo utendi wenyewe unaitwa kwa jina lake, ndiyo iliyomtaka asimulie ili apate nguvu na kinga dhidi ya magonjwa. Kwa hiyo, katika tafsiri ya Kiswahili, sisi tungependelea «wito» kwa Rureke na «kipawa» kwa usinga wa Mwindo. Kwa alichokifanya Shemwindo, neno «amri» linatosha.