Jua, upepo na kazi za nyuma ya kamera: video za mwanzo za mwanafunzi wa filamu Dodoma

Video ya kwanza ya mwanafunzi wa filamu huharibiwa na mwanga na sauti kuliko inavyoharibiwa na kamera. Dodoma, mji ulio kwenye uwanda wa kati, meta zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, huonyesha kasoro hizo waziwazi. Kiangazi chake ni kirefu, mawingu ni machache na upepo ni mwingi. Anayejifunza filamu hapa, awe mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma au kijana mwenye simu tu, hana budi kuanza na mwanga na sauti.

Enzi za mkanda, gharama ndiyo iliyomfunza mtu nidhamu. Mkanda wa milimita 16 wenye urefu wa meta 30, ukipita kwa fremu 24 kwa sekunde, huisha kabla ya dakika 3. Filamu kama Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985 ilitengenezwa katika enzi hiyo, na kila onyesho lilipangwa kwanza. Simu imeondoa gharama, na kwa wengi imeondoa mipango pia.

Tuchukue mfano wa akina mama wa Kigogo wanaopiga ngoma ya muheme uwanjani mchana. Kwa fremu 25 kwa sekunde, mwendo huonekana wa kawaida shata ikifunguka kwa 1/50 ya sekunde. Lakini simu nyingi zina lenzi yenye tundu lisilobadilika, f/1.8 au karibu na hapo. Kwenye jua kali, hata kwa ISO 50, simu yenyewe hukimbilia 1/4000 hivi. Kila fremu hutoka kali mno, na mikono ya wapigaji huonekana ikirukaruka badala ya kutiririka. Dawa ni kichujio cha ND64, kinachopunguza mwanga mara 64 na kuirudisha shata karibu na 1/60. Asiye nacho awahamishie wachezaji kivulini.

Saa nazo ni muhimu. Dodoma jua huwa juu kabisa kati ya saa 6:20 na saa 6:50 mchana, na mwanzoni mwa Machi na Oktoba hupita karibu utosini. Macho ya mwigizaji huzama kwenye vivuli vya paji la uso. Mwanga mzuri ni wa saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza na ya mwisho kabla halijatua, ila hupita upesi kwa sababu karibu na Ikweta jua hupanda na kushuka wima. Ikilazimu kurekodi mchana, shuka jeupe likitandazwa chini mbele ya mwigizaji hurudisha mwanga usoni.

Upepo ni adui mkubwa zaidi. Ukipiga kipaza sauti moja kwa moja, hutoa mngurumo unaofunika maneno, na sauti ikishapasuka hakuna uhariri utakaoiokoa. Kwa hiyo kinga huwekwa kabla ya kurekodi: kifuniko cha manyoya au sponji, kisha kichujio cha kukata sauti zilizo chini ya hezi 80. Kipaza sauti nacho kisogezwe; kila umbali unapopungua kwa nusu, sauti ya mwigizaji huongezeka kwa takriban desibeli 6. Simu ya pili iliyofichwa ndani ya vazi hufanya vizuri kazi ya kipaza sauti cha karibu. Kofi moja mbele ya kamera, mahali pa klaketi, humwezesha mhariri kuoanisha picha na sauti.

Hayo yote hujifunzwa haraka zaidi kwenye kazi ya wengine. Anayeshika kipaza sauti husikia kila pikipiki inayopita mbali. Anayetunza mwendelezo huandika mwigizaji alishika kikombe kwa mkono upi na kitenge kilifungwa vipi, ili onyesho la jana lishikane na la leo. Anayeomba vibali hujifunza kwamba Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 huhitaji kibali kabla ya kurekodi.

Kwa hiyo mwanafunzi asikimbilie kiti cha mwongozaji. Ashike kwanza kipaza sauti katika kazi ya mwenzake, kisha daftari la mwendelezo, ndipo aongoze yake.