Risasi na Msokoto: Tahakiki ya Istilahi Mbili za Bunduki

Makala haya yanachunguza istilahi mbili zinazomkabili mfasiri wa maelezo ya bunduki za kuwindia: risasi, na ile inayohusu msokoto wa mifuo iliyomo ndani ya mtutu. Kasoro zake hazidhuru lugha peke yake.

Neno risasi, lenye asili ya Kiarabu, kwanza ni jina la madini. Pili, ni jina la kitu kizima kinachotiwa bundukini, yaani ganda, fataki, baruti na kichwa. Tatu, ni jina la kile kichwa kinachoruka. Dhana tatu zimebebeshwa neno moja. Mafundi wa chuma wa Ufipa ya zamani hawakufanya hivyo: tanuri refu la kuyeyushia mawe ya chuma waliliita ilungu, na lile dogo la kusafishia chuma wakaliita kintengwe. Kazi mbili, majina mawili.

Leo vichwa vingine hufanywa kwa shaba tupu, nasi twalazimika kusema "risasi ya shaba". Shaba ni nyepesi kuliko risasi. Kwa hiyo, kwa uzito na kipenyo kilekile, kichwa cha shaba huwa kirefu zaidi. Nacho kichwa kirefu huhitaji kuzungushwa zaidi ili kisipinduke hewani. Anayeagiza "risasi" kwa kutazama uzito tu hulikosa jambo hilo.

Hapa ndipo inapoingia istilahi ya pili. Mtutu wa gobore ni laini ndani. Wa bunduki ya kisasa ya kuwindia wanyama wakubwa una mifuo inayozunguka kama nyuzi za parafujo. Watengenezaji hutaja umbali ambao mfuo hutimiza mzunguko mmoja, kwa mfano milimita 254 au milimita 305. Mfasiri huvutwa kusema "kasi ya mzunguko". Tafsiri hiyo haifai. Kasi hupimwa kwa wakati, na hapa kinachopimwa ni urefu. Tena msomaji atadhani 305 huzungusha zaidi kuliko 254, kumbe ni kinyume chake.

Kanuni aliyoitoa Mwingereza George Greenhill mwaka 1879 yaonyesha uzito wa kosa hilo. Zidisha kipenyo cha kichwa kwa kipenyo, kisha kwa 150, ugawanye kwa urefu. Kichwa cha risasi chenye kipenyo cha milimita 7.82 na urefu wa milimita 32 hupata takriban 287. Mtutu wa 254 unakifaa. Wa 305 haukifai.

Afisa wa Sumbawanga anayepokea maelezo yenye kosa hilo aweza kuwapa askari wa wanyamapori vichwa visivyolingana na mitutu yao. Kichwa kinachopinduka hukosa shabaha au hujeruhi tu. Na nyati aliyejeruhiwa katika bonde la Rukwa ni hatari kwa kila apitaye njia.

Twapendekeza, basi, kichwa kwa kile kinachoruka, risasi kwa kitu kizima, na hatua ya msokoto kwa umbali wa mzunguko mmoja. Kila asokotaye kamba ajua kwamba hatua zikiwa fupi, msokoto hukaza. Wafasiri na walimu wenye istilahi bora wanaombwa kuzileta zijadiliwe.