Nimeiona Kaithi, Usingizi Umekwenda

Saa sita na nusu usiku. Chai imepoa, mkate wa kumimina haujaguswa, shemeji yangu amesimama mbele ya runinga kama anayetaka kuingia humo ndani akasaidie, nami nimekumbatia mto wa kochi kama mtoto. Na kwenye kioo, mtu anakula biriani.

Anakula tu! Pembeni yake makumi ya maafisa wa polisi wamezirai, pombe yao imetiwa sumu, saa za kuwaokoa zinahesabika, na huyu bwana mwenye majivu meupe kipajini na pingu ikining'inia kwenye mkono mmoja anamega tonge, anatafuna, anamega tena, hasemi neno. Inspekta anamsihi. Yeye anatafuna. Ametoka jela baada ya miaka kumi, na jinsi anavyokula inakueleza chakula cha gerezani kilivyo bila mtu yeyote kufungua kinywa kukusimulia. Shemeji akanigeukia: "Huyu ndiye steringi?" Ndiye, shemeji. Ndiye!

Filamu inaitwa Kaithi, maana yake mfungwa. Ni ya Kitamil, na ilitoka tarehe 25 Oktoba 2019, wiki ya Diwali. Ndiyo, nimechelewa miaka. Mlioiona zamani mnisamehe kelele, maana mimi nimeimaliza sasa hivi na moyo bado haujarudi mahali pake. Tena tuwekane sawa. Kwetu picha yoyote yenye sari tunaiita ya Kihindi, lakini Kitamil si Kihindi hata kidogo. Ni lugha ya kusini, ya jimbo la Tamil Nadu, na sinema zake zina kitovu chake, mtaa wa Kodambakkam jijini Chennai, ndiko lilikotoka jina Kollywood. Usimwambie mtu wa Chennai kwamba umeipenda picha yao ya Bollywood. Utaharibu urafiki.

Kisa kizima ni usiku mmoja. Karibu na mji wa Tiruchirappalli, ambao wenyewe huukata wakasema Trichy, Inspekta Bejoy na kikosi chake wamekamata shehena kubwa ya unga wa kulevya, wakaificha chini ya ofisi ya kamishna, jengo la kale la enzi za Waingereza. Wenye unga wanautaka unga wao. Usiku huohuo wakubwa wa polisi wamekusanyika kwenye nyumba ya wageni kwa sherehe, wananyanyua glasi, wanaanguka mmoja baada ya mwingine. Bejoy hakunywa kwa kuwa mkono wake umevunjika na yuko kwenye dawa. Lakini mkono uliovunjika haushiki usukani. Dereva aliyepo ni Dilli, yule mla biriani, ambaye walimkamata kwa kumshuku tu, na ambaye safari yake ilikuwa kwenda kumwona binti yake katika kituo cha yatima, binti ambaye hajapata kumtia machoni tangu azaliwe. Wanawapakia maafisa nyuma ya lori la kijana wa mambo ya upishi, anaitwa Kamatchi, na lori linaingia gizani. Ukitaka zaidi ya hapo, katazame mwenyewe.

Sasa hebu fikiria ujanja wa kitu hiki. Polisi wa sinema ya Kitamil tunamjua. Shati limembana kifua, sharubu zimepinda kwa juu, miwani ya jua hata kukiwa na mawingu, na kofi lake moja linamzungusha jambazi hewani mara mbili kabla hajatua. Saamy ya 2003 ilikuwa hivyo, Singam ya 2010 ikaongeza ngurumo za simba, na Wahindi wa kaskazini wakaipenda hadi wakaitengeneza upya mwaka uliofuata wakamkabidhi Ajay Devgn. Karthi mwenyewe, anayeigiza Dilli, ni mdogo wake Suriya, yule simba wa Singam! Na Karthi amekwisha kuvaa sare, tena ikamkaa vizuri sana, katika Theeran Adhigaaram Ondru ya 2017. Nilikuwa nasubiri sare. Nikapewa pingu. Polisi wote wenye vyeo wamelala nyuma ya lori kama magunia ya mkaa, vichwa vinagongana kwenye kona, na wa kuwafikisha hospitali ni mtu ambaye jana tu walikuwa wakimwita kwa namba.

Sijui nani aliyelala akaota wazo hilo, ila namjua aliyeliandika: Lokesh Kanagaraj, kijana aliyewahi kuwa mfanyakazi wa benki, na hii ilikuwa filamu yake ya pili ndefu baada ya Maanagaram ya 2017. Ya pili! Mimi mara ya pili kupika pilau niliiunguza.

Lakini kilichonishika koo ni rushwa. Nimeona rushwa nyingi kwenye sinema: bahasha chini ya meza, mkoba wa noti, waziri mwenye tumbo anacheka peke yake. Hapa hakuna. Hapa rushwa ni simu. Afisa mkubwa wa serikali, mtu mwenye kiti na bendera ofisini, ananyanyua simu na kuwaambia wauza unga askari wako wapi, wamebaki wangapi, wanapita njia ipi. Hareesh Peradi anaigiza huyu Stephen Raj bila kukunja ndita wala kupandisha sauti. Anatoa taarifa kama anayeagiza chipsi. Na kila simu yake ikikatika, huko barabarani mbele ya lori kunatokea taa nyingine, pikipiki nyingine, watu wengine wenye mapanga. Ukishaielewa hesabu hiyo, kwisha kazi yako! Kila simu inapolia unashtuka. Simu ya shemeji ililia katikati ya filamu, dada akiuliza atarudi saa ngapi, nikakaribia kuruka dirishani.

Hapo ndipo nilipomkubali huyu Lokesh. Hahubiri. Hamsimamishi mtu jukwaani atoe hotuba juu ya nchi kuoza. Anakuonyesha tu kwamba mwenye kisu hana kazi ngumu. Kazi ngumu imekwisha kufanywa na mwenye cheo, kwa maneno mawili matatu, akiwa amekaa. Na genge nalo lina mtu wa polisi aliyejipenyeza ndani yake, anayetoa habari kwa upande wa pili kwa simu za wizi vilevile. Pande zote mbili zina pua ndani ya nyumba ya mwenzake. Nani atagunduliwa kwanza? Nilisahau kupumua.

Halafu kuna Napoleon.

Jamani, Napoleon! Konstebo mtu mzima, mfupi, mpole, amehamishiwa ofisi ya kamishna na ndiyo kwanza anaripoti. George Maryan, anayemwigiza, watazamaji wa Kitamil walimzoea kwenye vijisehemu vya kuchekesha, yule mtu wa kuanguka na kupigwa makofi ya utani. Habari zinafika kwamba genge zima, likiongozwa na Anbu, linakuja kuvamia jengo, kuchukua unga na kuwatoa wenzao walioko mahabusu. Askari waliopo wanatazamana. Kisha mmoja anakumbuka ana shughuli. Mwingine anakumbuka ana familia. Kufumba na kufumbua kituo kimebaki na Napoleon, mahabusu, na wanafunzi wachache wa chuo waliokamatwa kwa ulevi barabarani. Hana cheo, hana mtu wa kumpigia simu akasaidiwa, funguo anazo. Anafunga geti.

Anafunga geti tu! Hakuna muziki wa kumpandisha, wala kamera haizunguki kumtukuza. Mzee anafunga geti kwa sababu ni geti la serikali na yeye ndiye aliye zamu. Wanaburuta meza, makabati, viti, wanaviegemeza kwenye milango, na wale wanafunzi ambao jioni walikuwa mizigo ya kituo wanageuka kikosi. Nje, taa za magari zinazidi kuongezeka. Nilisimama. Shemeji alikuwa amesimama tangu zamani. Tukawa watu wazima wawili wima sebuleni tunampigia kelele konstebo aliyeko ng'ambo ya Bahari ya Hindi akumbuke mlango wa nyuma.

Anbu naye si mchezo. Arjun Das, kijana mwembamba, sauti yake inatoka chini kabisa kama ya mtu anayeongea kutoka kisimani. Akinong'ona unaona kama spika za runinga zimehamia chini ya kochi. Nilizoea majambazi wa kusini wanaofoka mpaka mishipa ya shingo itokeze. Huyu anaongea polepole ndipo unaogopa.

Nimsemee shemeji kidogo, kwa kuwa yeye ni dereva wa malori, amekula barabara ya Tunduma kwa miaka mingi, na sinema za magari huwa anazikalia kama refa. Alianza kwa dharau. "Lori halikati kona namna hiyo likiwa na mzigo." "Hapo gia imelia, umesikia?" Kufika nusu ya filamu refa amekuwa shabiki. Lokesh analijua lori lake. Linachelewa kupanda, linazubaa kwenye kokoto, ukilisimamisha mahali pabaya ndiyo basi. Halikimbii kama gari la sinema. Linajikokota, na adui wana pikipiki na magari mepesi, na hofu yote imo kwenye huko kujikokota. Mapigano yenyewe yanazuka pale lori linapokwama au linapozibiwa njia: Dilli anashuka, pingu inalia mkononi, anamaliza kazi, anarudi kwenye usukani. Nikamsikia shemeji akisema kwa sauti ya chini, "Dereva wa kweli huyu." Sijapata kumsikia akimsifu hivyo mtu yeyote, hata mimi niliyemwozesha dada.

Na giza lile! Filamu karibu nzima ni usiku, mpiga picha ni Sathyan Sooryan, na usiku wake si ule wa kubahatisha ambao huoni nani anampiga nani. Taa za mbele za lori zinakata vumbi, moto unaangaza uso upande mmoja, kisha giza totoro, kisha macho. Muziki ni wa Sam C. S., aliyefanya pia Vikram Vedha, na ngoma zake zinakupiga tumboni. Halafu sikilizeni: hakuna wimbo wa kucheza. Hakuna! Picha ya India ya saa mbili na zaidi, steringi hana mpenzi, hapelekwi kwenye milima ya barafu kukata mauno na shati limefunguliwa vifungo. Na ilithubutu kutoka siku moja na Bigil ya Vijay, jabali la sinema za Kitamil, picha yenye nyimbo na viwanja vya mpira na kila kitu. Mtu anakwenda sokoni siku ya sikukuu na kitoweo kimoja tu, na bado anauza.

Katikati ya fujo zote kuna kipande ambacho Dilli, ndani ya lori, anaeleza mwenyewe aliingiaje jela. Hawakati kwenda kutuonyesha ya zamani. Ni uso wake, usukani, na maneno yanayotoka kwa shida. Karthi analia kama mtu aliyesahau namna ya kulia. Kule kwenye kituo cha yatima, mtoto Amudha ameambiwa kuna mtu anakuja kumwona, hajui ni nani, naye anajiandaa. Kila baada ya panga tunarudishwa kwake kidogo. Ni mtego wa wazi kabisa wa kututoa machozi, niliuona ukitegwa, na niliingia mwenyewe kwa miguu yangu.

Kasoro zipo, sitafanya kama sikuziona. Wanawake ni wachache mno. Ukiondoa mtoto na wachache wengine, usiku huu karibu wote ni wa wanaume. Visu anavyochomwa Dilli vingemtosha ng'ombe, naye anainuka tu, tunaambiwa ni mapenzi ya mtoto. Na mwishoni, tulipofika kwenye silaha moja ambayo siitaji, nilicheka kwa nguvu, kwa sababu filamu iliyokuwa ikijizuia tangu mwanzo inaamua kwamba sasa imetosha, inalipua fataki zote kwa pamoja. Ni upuuzi. Nitaurudia kesho.

Nimekwisha kujua kwamba Wahindi wa kaskazini waliitengeneza upya mwaka 2023 kwa jina Bholaa, na Ajay Devgn tena ndani. Na kwamba Lokesh aliichukua hadithi hii ya unga akaiendeleza kwenye Vikram ya 2022, ya Kamal Haasan, ambamo Inspekta Bejoy anarudi. Shemeji anaitaka Vikram usiku huu huu. Nimemwambia saa kumi ana safari. Ananijibu bado saa moja na nusu.

Sasa ameshika rimoti, amerudisha nyuma mpaka pale Dilli anapowasha lori kwa mara ya kwanza. Amenyamazisha feni. Anasema anataka kuisikia injini vizuri.