Mweka, Njia ya Kushukia Tu

Anayepanda Kilimanjaro kwa Machame, Lemosho au Umbwe harudi alikopitia. Kanuni za hifadhi, KINAPA, zinamtaka ashukie Mweka, na Mweka hairuhusiwi kupandiwa. Marangu, yenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, ndiyo inayobeba wapandao na washukao kwa pamoja. Hata waliopandia Rongai huteremkia huko.

Kwa kupunguza msongamano, mpango huu unastahili sifa. Kwenye ukuta wa Barranco, ambako mtu hupita akishikilia mwamba, mpagazi mwenye mzigo kichwani halazimiki kulipisha kundi linaloteremka mbio. Kambi za kupandia nazo hazijazwi na wanaorudi.

Gharama yake inalipwa na msitu wa Mweka. Wageni wa njia tatu, pamoja na wapagazi, ambao kwa kawaida huwazidi wageni kwa idadi, huishia kwenye njia moja nyembamba. Kutoka kambi ya Barafu, iliyo kwenye mita 4,670 hivi, hadi langoni, chini ya mita 1,700, kimo kinachoshukwa kinakaribia mita 3,000. Isitoshe, huo ni upande wa kusini, unaonyeshewa kuliko kaskazini.

Watu hulaumu viatu. Mimi nalaumu maji zaidi. Kisigino cha anayeshuka hulegeza udongo, kisha mvua huubeba. Njia inayofuata mteremko moja kwa moja huwa mfereji. Mizizi hubaki wazi, tope hujaa katikati, na kila anayelikwepa hukanyaga mimea ya kando. Msimu ukiisha, njia imepanuka.

Dawa iliyozoeleka ni ngazi za magogo. Zinasaidia, ila ngazi isiyo na mtaro ni kazi bure: maji huchimba nyuma ya gogo, gogo hubaki likining'inia, na wapitaji hulizunguka. Kinachookoa njia ni gogo au jiwe lililolazwa mshazari ili litoe maji nje kila baada ya hatua chache, na mtaro wa kando unaozibuliwa mara kwa mara. Kazi hiyo haipendezi kwenye picha, labda ndiyo maana husahaulika.

Kwa hiyo, hifadhi isitangulize ngazi mpya. Itangulize vibarua wa kuzibua mitaro, nao waingie kazini Februari, kwa sababu masika huanza Machi.