Sifa za Fundi Anayepima

Namheshimu fundi anayepima kuliko anayekisia. Ufundi wake nauona wazi zaidi anapopima kasi ya mtandao unaopita kwenye waya wa USB, kati ya kipakatalishi na bodi ndogo ya Linux kama BeagleBone Black.

Waya huo una baraka mbili. Huipa bodi umeme wa volti 5, na papo hapo bodi hujitambulisha kwa kipakatalishi kama kadi ya mtandao. Hakuna rauta wala bando la kununua. Stima ikipotea mjini Kapkatet, betri ya kipakatalishi huendesha vyote viwili, na kijana aliyepanga chumba kando ya mashamba ya chai huendelea kujifunza.

Kazi yenyewe ni hii. Upande wa bodi, iperf3, programu ya kupimia kasi ya mtandao, huwashwa isubiri. Upande wa pili fundi huandika iperf3 -c 192.168.7.2, namba hiyo ikiwa anwani ya bodi, na kwa sekunde 10 mistari hushuka, mmoja kila sekunde. Kisha hurudia akiongeza -R ili data itoke kwenye bodi, maana kasi ya kwenda na ya kurudi aghalabu hazilingani.

USB 2.0, iliyotolewa mwaka 2000, hutajwa kwa megabiti 480 kwa sekunde. Mkulima wa chai anaijua hesabu inayofuata: kituoni, uzito wa gunia huondolewa kwanza, ndipo kilo za majani ziandikwe. Hapa sekunde moja imegawanywa mara 8,000, na kila sehemu hubeba pakiti zisizozidi 13 za baiti 512. Zidisha, unapata takriban megabiti 426. TCP na IP nazo hudai fungu lao, na kichakataji kidogo cha bodi huchoka mapema.

Ndani zaidi kuna utamu. Fremu ya Etheneti iliyojaa, baiti 1,514, hukatwa 512, 512 na 490. Fremu hizo hubebwa juu ya USB kwa itifaki kama ECM au NCM: kwa ECM kila fremu husafiri peke yake; kwa NCM nyingi hufungwa pamoja, kichakataji kikapumua. Fundi hubadilisha itifaki tu, waya ukiwa ule ule, kisha hupima upya.

Kasi hii ina maana. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, watafiti wametumia bodi ndogo ya Raspberry Pi kurekodi sauti za ndege, na rekodi kama hizo sharti zihamishwe. Gigabaiti 1 kwa kasi ya megabiti 200 kwa sekunde huchukua sekunde 40. Muunganisho ukishuka hadi megabiti 12 za USB ya zamani, hupita dakika 11.

Kwa hiyo fundi wa kweli haandiki namba pekee. Huandika toleo la kerneli, itifaki, mwelekeo na jinsi kichakataji kilivyolemewa. Hapo msichana wa Litein au mvulana wa Sotik anaweza kurudia kipimo kile kile, na akipata jibu tofauti, atajua pa kuanzia kutafuta sababu.